Siku Mizani Alipokanda Unga Darasani

Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za ofisini, na huko ndiko lilikobaki. Kiwandani pale pa mikate kila mtu alimwita Mizani, kuanzia tajiri mwenyewe mpaka dereva wa gari la kusambazia. Wala hawakumwita hivyo kwa kumpamba. Mwanamke huyu alikuwa akimega donge la unga kwa mkono wa kulia na kulitupa mezani, na ukilipima unakuta uzito ni uleule wa donge lililotangulia. Wafanyakazi wapya hawakuamini. Jivu, mzee wa tanuri, alikuwa akiwekeana nao dau la soda, nao wanakimbilia mizani ya kweli wakiwa na uhakika wa kushinda. Miaka yote hiyo Jivu hajawahi kujinunulia soda.

Mizani alikuwa na miaka thelathini na minne kazini. Aliingia akiwa msichana wa ufagio. Mkandaji mkuu wa siku hizo, mama mmoja mkali aliyependa kuamrisha kwa kidole kuliko kwa mdomo, alimkuta siku moja amejibanza pembeni, amekusanya mabaki ya donge yaliyoganda mezani na anayakanda kimyakimya. Msichana akajua leo kibarua kimeota nyasi. Yule mama akalibonyeza lile donge, akaguna, kisha akamsogezea beseni zima. Ajira ya Mizani ilianza kwa mguno huo, na barua ilikuja baadaye sana.

Ikaja mashine ya kukandia. Ililetwa kwa mbwembwe na kupigwa picha, na watu wakaanza kumtazama Mizani kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kumwaga unga. Mashine ilikuwa na nguvu, tusiionee. Ila haikujua lini iache. Ikiambiwa dakika kumi inakanda dakika kumi, unga uwe mbichi au uwe umechoka, haina habari. Ndipo ikaamuliwa kwamba hakuna beseni litakalokwenda tanurini bila kupita kwa Mizani. Alibonyeza kwa kidole cha kati. Akamega kipande, akakivuta taratibu kwa vidole vyake vyote mpaka kikawa chembamba kama karatasi, akakiinua kwenye mwanga. Kikikatika, donge linarudi. Kikivutika mpaka mwanga upenye, haya, tanurini.

Na kurudisha alirudisha kweli. Mwaka mmoja tajiri aliletewa magunia ya unga uliokwisha kuharibika, akabembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mizani alikunja mikono. "Tajiri, huu ukiingia motoni utatoka matofali," alimwambia, "na matofali yana kiwanda chake." Tajiri alimnunia wiki nzima, halafu akawa anawasimulia wateja kisa hicho yeye mwenyewe, kwa majivuno, kana kwamba aliyekunja mikono ni yeye.

Huyo ndiye Mizani wa kiwandani. Nyumbani alikuwa mtu mwingine kidogo.

Mumewe alifariki wakati mtoto wao wa pekee, binti, hajatimiza mwaka. Mizani akajiapia kwamba mikono ya mtoto huyu haitashika unga. Hakuwa akiidharau kazi yake, la hasha. Alikuwa amechoka kwa niaba ya mtoto, kabla mtoto hajaanza. Binti akisogelea meza ya jikoni anaambiwa, "Shika kalamu wewe, hapa kuna mwenyewe." Kiwandani alikuwa anaishia mlangoni. Akakua bila kujua unga unaumuka vipi, huku akila mkate moto kila siku ya maisha yake. Akasoma, akasoma tena, mwisho akawa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na Mizani akawa anatembea barabarani kichwa juu kama mtu aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika.

Lakini hakukanyaga shuleni. Hilo lilikuwa doa lake, na tuliseme waziwazi. Tangu mtoto yuko darasa la kwanza, siku za wazazi alikuwa akimtuma wifi yake, ambaye alikuwa na viatu vya visigino na vidole visivyo na nyufa. Yeye alikuwa na unga kwenye mistari ya viganja usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia, na harufu ya hamira iliyohamia kwake moja kwa moja. "Wasije wakamcheka mtoto," alikuwa akisema. Binti alilia mara moja, akiwa darasa la tatu, akitaka mama yake aje yeye mwenyewe. Mizani alimfuta machozi na akamtuma wifi yake tena. Binti hakurudia kuomba, na Mizani, masikini, alidhani ameridhika.

Sasa basi. Jumatatu moja mchana binti alikuja nyumbani na kamusi kubwa kwapani, uso unamwaka.

"Mama, Alhamisi wanakuja wakaguzi. Idara ya Kiingereza inatafuta mkuu, tumebaki wawili. Mwenzangu amefundisha wiki iliyopita, na watu wamemsifu sana. Somo langu ndilo litakaloamua."

"Utafundisha nini?"

"Neno moja tu. Lilikotoka na maana zake. Na nakuhitaji wewe."

Mizani alicheka mpaka akakaa. "Mimi? Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye gud moning!"

"Neno lenyewe ni *lady*. Unalijua?"

"Nalijua. Bibi mkubwa. Yule wa kofia na glavu, anayefunguliwa mlango wa gari."

Binti akafungua kamusi, akaweka kidole. "Sikiliza. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Waingereza walikuwa hawalitamki hivi. Lilikuwa refu, limeungwa kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni mkate. Cha pili ni kukanda. Mama, *lady* maana yake ilikuwa mwanamke anayekanda mkate."

Mizani alimtazama mwanawe kwa jicho la kununua unga. "We mtoto, usinitanie."

"Nikutanie na kamusi mkononi? Aliyekanda mkate ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, wote wanakula kwake. Kwa hiyo neno likawa la mwenye nyumba. Kisha likapanda, likawa la mwenye nyumba kubwa, mke wa mtawala. Wakavaa glavu, wakasahau unga. Halafu likashuka tena, leo ni mwanamke yeyote unayetaka kumwita kwa heshima. Na *lord*, yule mtawala mwenyewe? Mlinzi wa mkate."

"Yaani yeye analinda tu?"

"Analinda tu."

"Kama mlinzi wetu wa getini," alisema Mizani, akaridhika mno na jambo hilo. Lakini binti alipomwambia anachotaka, kwamba aje asimame mbele ya darasa akande unga ili wanafunzi waone neno kwa macho yao, furaha yote ilimwishia. Alisema ana kazi. Binti akasema ameshazungumza na tajiri. Alisema mgongo unamsumbua. Binti akamwuliza tangu lini. Mizani akatazama viganja vyake. Akilini alimwona mwanawe anakikosa cheo kwa sababu ya mtu aliyeingia darasani ananuka hamira.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Kwa sharti. Usiseme mimi ni mama yako. Sema mgeni, mtu wa mikate. Wakinidharau, wanidharau mimi. Isikuguse wewe."

"Mama!"

"Ndiyo hivyo. La sivyo, mchukue Jivu."

Binti alikubali shingo upande.

Alhamisi Mizani aliamka, akasugua mikono kwa brashi ya viatu mpaka ikawaka. Alivaa gauni lake la harusi za watu na juu yake aproni mpya nyeupe. Getini alipitishwa na mlinzi mwenye daftari la wageni, aliyeandika kazi yake kuwa "mikate", akaelekezwa darasa la mwisho kwenye korido. Wanafunzi arobaini na kitu walisimama kwa pamoja. "Shikamoo!" Mizani alishtuka kidogo. "Marahaba, kaeni, kaeni," alisema haraka, kama mtu anayezima moto.

Nyuma ya darasa alikaa mkaguzi mkuu, mama mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, kalamu tayari. Pembeni yake mkuu wa shule, anatabasamu kwa wasiwasi. Mbele palikuwa na meza iliyofutwa vizuri, bakuli la unga, maji ya uvuguvugu, chumvi na hamira. Binti alikuwa amevipanga kama vitu vya maonyesho.

Somo lilianza, na Mizani, akiwa amekaa kwenye kiti chake pembeni, alimwona kwa mara ya kwanza mwanawe akifanya kazi. Hebu fikiria. Miaka sita mtoto yuko pale, na hajawahi kumwona. Alikuwa hapigi kelele. Aliuliza, akangoja, akauliza tena. "Lady ni nani?" Mmoja akasema mke wa rais. Mwingine akasema mwanamke mwenye adabu. Kijana wa nyuma akasema ni maandishi ya mlango wa choo, darasa likaangua kicheko, na Mwalimu badala ya kukasirika akayaandika ubaoni pamoja na mengine, akisema hata hiyo ni maana, tena ya kusoma vizuri kabla hujaingia. Mkaguzi naye alificha tabasamu kwa karatasi. Kisha Mwalimu akaandika neno la kale, herufi zake zimegongana ajabu, akalikata katikati kwa mstari. Mkate. Kukanda. Darasa likasema "Aaa!" Mizani alihisi kifua kimemjaa, akajikaza asijisahau akapiga makofi.

"Leo tuna mgeni," alisema Mwalimu. Alisita kidogo kwenye neno hilo. "Mtaalamu wa mikate. Atatuonyesha neno hili lilivyokuwa kabla halijavaa glavu."

Mizani aliingiza mkono kwenye unga, na hapo hapo akajua kuna jambo. Unga ule ulikuwa laini mno, laini kama poda ya mtoto. Aliufinya, ukabaki umeshikana katika ngumi, hali unga wa mkate ungeachana. Huu ulikuwa unga wa keki. Akayaelewa yote kwa mkupuo: mtoto ameingia dukani, amechagua pakiti ya bei ya juu, yenye picha nzuri, kwa sababu anataka mama yake apate unga ulio bora. Angejuaje? Nani aliyemfundisha? Aliyemfukuza kwenye meza ya jikoni miaka yote ile ni nani?

Angesema palepale. Kiwandani angesema. Lakini mkaguzi alikuwa ameshavaa miwani, na Mizani aliogopa. Alimimina maji, akaanza kukanda, akijidanganya kwamba mikono hii imewahi kuokoa mengi. Alikanda kwa nguvu za mabega, akakunja, akasukuma, akageuza. Wanafunzi walinyanyuka kwenye viti ili waone. Dakika zikaenda. Donge likawa zuri kwa macho, jeupe, mviringo, la kupigwa picha. Ndani halikuwa na kitu. Alilijua kama mtu anavyomjua mwongo anayetabasamu.

Mkaguzi mkuu alitembea mpaka mbele. "Mama, ndiyo tayari hiyo? Hilo ndilo donge la mkate?"

Mizani alimtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama kando ya ubao na chaki mkononi, anameremeta kwa furaha, hajui hili wala lile. Ilitosha kusema ndiyo. Neno moja, na mtoto amepata cheo chake. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye angejua.

Alimega kipande, akakivuta. Kilikatika kabla hakijafika popote.

"Hapana," alisema. "Hili silo. Huu ni unga wa keki, hauna mvuto. Nimelijua tangu nilipoushika, na nimenyamaza, na hilo ni kosa langu. Siwezi kuwaambia watoto kwamba hili ni donge la mkate."

Mkuu wa shule alikohoa. Mkaguzi aliandika kitu. Mizani aliuona uso wa mwanawe ukibadilika, furaha ikitoka na damu yote, akatamani sakafu ifunguke. Nimemharibia, aliwaza. Miaka yote hii ya kumkinga, nimekuja kumharibia kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwalimu aliweka chaki chini.

"Unga nilinunua mimi," aliliambia darasa. "Nimechagua pakiti iliyo nzuri kwa sura. Sijui unga, na sina kisingizio, kwa sababu mtu huyu mliyeambiwa ni mgeni ni mama yangu mzazi. Amekanda mikate ya mji huu tangu sijazaliwa. Mkate mliokula asubuhi, huenda umepita kwenye kidole chake. Mikono yake ndiyo iliyonisomesha mpaka nikalijua neno hili, halafu nikakubali kusimama hapa na kumwita mgeni. Hilo la mgeni ndilo kosa kubwa. La unga ni dogo."

Hakuna aliyecheka. Wasichana wawili wa mbele walimtazama Mizani kama wanaotazama mtu aliyetajwa redioni. Na Mizani? Aliyeweza kufokeana na tajiri mbele ya magunia, alikosa pa kuyaweka macho. Alifanya kitu pekee alichokijua.

"Jikoni kwenu kuna unga wa kawaida?" aliuliza.

Mpishi wa shule alifika mbio na nusu beseni. Mizani aliufinya, ukaachana. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akavua aproni yake mpya, akamvalisha mwanawe, akaifunga kamba kwa nyuma kama anayemvisha mtoto sare ya shule.

"Kanda wewe."

"Mimi? Mama, somo..."

"Ndilo hilo. Kunja mikono ya shati."

Basi darasa lile likaona kioja ambacho halitakisahau. Mwalimu wao alikanda kama anayebembeleza paka. "Unamwogopa?" mama yake akamfokea. "Sukuma kwa kiganja! Kiganja, si kucha! Mabega yako umeyaacha wapi?" Wanafunzi walikufa kwa kicheko, na Mwalimu akacheka nao huku jasho linamtoka na unga umempanda mpaka kwenye nyusi. Hapo hapo, akikanda, aliendelea kufundisha, akihema. Kile kipande cha pili cha neno kina undugu na neno gani la Kiingereza mnalolitumia leo? Mikono ikapanda. *Dough!* Donge, ndilo hilo nililoshika! Na aliyekula mkate wa mwenye nyumba aliitwaje? Wakafungua kamusi wakagombania kurasa, mpaka wakakuta kwamba mtumishi aliitwa mla mkate.

Kengele ya mapumziko ililia. Hakuna aliyetoka.

"Tayari?" aliuliza mkaguzi, akitazama saa yake.

Mizani alilibonyeza donge. "Bado."

"Mama, muda wa somo umekwisha," alisema mkaguzi.

"Umekwisha wa kengele. Wa donge bado, mheshimiwa. Dakika tano."

Mkuu wa shule alifumba macho. Mkaguzi mkuu alimwangalia mwanamke huyu mwenye gauni la harusi, kisha akavuta kiti cha mwanafunzi, akakaa palepale mbele, akafunga daftari lake. Zilipita dakika tano, labda saba. Binti alikuwa hamwoni tena mkaguzi wala darasa. Mizani alimega kipande, akakivuta, akakivuta tena, vidole vinapishana polepole, akakiinua dirishani. Mwanga ulipenya, na kivuli cha mkono wake mwenyewe kikaonekana upande wa pili.

"Haya," alisema. "Haya. Huu ni mkate."

Mkaguzi alisimama, akamshika Mwalimu mkono, unga na yote. "Nimekagua miaka kumi na tisa," alisema, "sijawahi kuona kengele ikapigwa na darasa likakataa kutoka. Barua itafuata kwa taratibu zake, lakini idara imeshapata mkuu." Kisha akamgeukia Mizani, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima. Mizani naye akainamisha chake.

Walipotoka Mizani alitaka wapite njia ya nyuma, kwenye bomba, wanawe mikono na waondoke. Binti alikataa katakata. Alimshika mkono na unga wake, akampitisha katikati ya uwanja, saa ya mapumziko, shule nzima iko nje. "Huyu ni mama yangu," alimwambia mwalimu wa hesabu. "Huyu ni mama yangu," alimwambia mtunza maktaba, ambaye hata hakuwa ameuliza. Aliwaambia walimu wawili wa zamu, na karani, na kundi la wanafunzi lililokuwa likigombania mpira. Mara ya kwanza Mizani alitazama chini. Mara ya pili alisema, "Basi, inatosha." Mara ya tatu akasimama vizuri. Ya nne akanyoosha mkono na kumsalimu mtu kwa nguvu mpaka unga ukabaki kwenye koti la mwenyewe.

Walifika getini. Mlinzi, aliyekuwa na daftari lake mapajani, alimtazama Mwalimu akiwa mweupe mpaka nyusi, akamtazama na huyo mwenzake, akachanganyikiwa.

"Mwalimu, kulikoni? Na huyu mama wa mikate ni nani kwako?"

Binti alifungua mdomo. Mizani alimwahi.

"Mimi ndiye mama yake," alisema, kwa ile sauti ya kiwandani inayosikika juu ya mashine.